Kompyuta Iliyofanya Kazi Kasulu Tu

Mwaka 2013 mimi na mume wangu tulikuwa na nyumba mbili na kompyuta moja. Mimi nilikuwa nafundisha jiografia katika sekondari moja ya Kibondo. Yeye alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini Kasulu. Tulioana kila mmoja akiwa na kituo chake cha kazi, na maombi ya uhamisho yalikuwa bado yanazunguka maofisini. Ijumaa jioni alikuwa anashuka kwenye basi akiwa mwekundu kwa vumbi hadi kwenye kope, na Jumapili mchana anarudi. Laptop ilisafiri naye. Wiki hii inabaki kwangu, wiki ijayo anaichukua, imeviringishwa ndani ya kanga yangu katikati ya nguo zake.

Ilikuwa mashine ya mtumba, nyeusi, nzito, yenye herufi mbili tatu zilizofutika kwa vidole vya watu tusiowajua. Tuliinunua kwa ajili ya masomo yake, lakini aliyeipenda zaidi ni mimi. Nimekulia Korogwe, na nilipofika Kibondo nilijua kuhusu nchi ile ya juu yale tu niliyofundishwa chuoni, ambayo yangetosha ukurasa mmoja. Nikakuta vilima vinavyofuatana kama migongo ya ng'ombe zizini, asubuhi za baridi, mashamba ya maharage na migomba, na wanafunzi wanaoongea Kiha mapumzikoni na Kiswahili darasani. Kila nilipouliza mto fulani unaelekea wapi, niliambiwa unaelekea kule. Nilitaka kujua kule ni wapi.

Ramani ya ofisini kwetu haikunisaidia. Wilaya zilikuwa zimegawanywa upya, Kakonko imeshatolewa Kibondo, lakini ramani ilikuwa ya zamani, imeliwa na mende pembeni, na bado iliionyesha Nyabibuye, ambayo sasa ni ya Kakonko, kama ya kwetu. Mwanafunzi mmoja wa huko alisimama darasani akaniuliza kwa adabu kama wao sasa wapo au hawapo. Darasa likacheka, mimi sikucheka. Siku ileile nilikwenda kumwomba mkuu wa shule ukuta wa nje wa kidato cha pili, nichore ramani kubwa ianzie Nyabibuye kule mpakani na Burundi mpaka Makere upande wa Kasulu, yenye mito, barabara na vijiji vya wanafunzi wenyewe. Akanipa ukuta. Rangi akasema tutaona.

Nilipata picha za satelaiti nilipokwenda semina Kigoma mjini, ambako mtandao ulikuwa na nguvu kidogo. Nilizipakua vipande vipande. Kazi iliyobaki ilikuwa kufungua vile vipande ndani ya programu ya kuchorea, kuvipanga vikutane kingo kwa kingo, kisha kufuatisha mito na njia kwa mstari. Niliianza kazi hiyo kwa hamu kubwa, na hapo ndipo mashine iliponigeuka.

Wakati huohuo nilikuwa mjamzito wa mtoto wetu wa kwanza. Mwezi Juni nilitokwa na damu kidogo, nikaenda hospitali, na daktari, mtu wa Iringa anayeongea taratibu kama anayepima kila neno, akaniambia kondo la nyuma limekaa chini na kwamba dawa yangu ni kitanda. Nisifundishe, nisichote maji, nisikae muda mrefu. Nilimuuliza kama kulala na kompyuta kunaruhusiwa. Akafikiri, akasema hajaona kitabu kinachokataza.

Basi nikalala. Mama mwenye nyumba wangu, Mha wa pale pale Kibondo, mjane aliyekuwa na duka dogo la unga mbele ya nyumba, alihamishia chumbani kwangu blanketi lake zito kuliko yote kwa sababu ya baridi ya kiangazi, akanipangia mito mgongoni, na laptop ikakaa mbele yangu juu ya blanketi. Nilifungua kipande cha kwanza cha ramani, cha kijiji cha Kumsenga. Kikaja vizuri. Nikafungua cha pili. Nikaanza kufuatisha kijito, na mshale ukawa unatambaa kama umepakwa asali. Nilipofungua cha tatu, mashine ikaganda. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha, ikaganda tena palepale. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine tena.

Mwalimu mwenzangu wa fizikia alipokuja kunijulia hali nilimweleza. Hakuuliza swali. Alisema ongeza RAM. Nikamwomba anifafanulie RAM ni nini hasa, maana nilikuwa nalisikia neno hilo kwa kila mtu na kila mtu analitamka kana kwamba ni jibu. Akasema diski ni ghala, unaweka humo kila kitu. RAM ni jiko. Chochote unachotaka kukipika lazima kwanza kitoke ghalani kije jikoni, na jiko lako ni la mafiga matatu tu, sufuria moja. Ukitaka kupika vitatu kwa pamoja, ongeza jiko. Nilimwelewa, na kwa siku kadhaa nilikuwa naitazama ile mashine nikiwaza jiko dogo lililojaa moshi humo ndani.

Jioni nilimpigia mume wangu nikamwambia tunahitaji kuongeza RAM. Akaniuliza nimejuaje. Nikamweleza jiko na ghala. Akasema maelezo ni mazuri lakini si kipimo.

Ndivyo alivyo. Watu wanakuja kwenye dirisha lake la maabara wakiwa wameshajipa malaria wenyewe, wanataka karatasi tu ya kuthibitisha, na yeye kazi yake ya kila siku ni kuwaambia wasubiri. Alisema wiki ijayo zamu ni yake, atafungua vipande vilevile, kwa mpangilio uleule, aone.

Akaichukua. Jumatano akanipigia kwa sauti ya mtu anayejizuia asionekane mshindi. Alikuwa amefungua kipande cha Kumsenga, kisha cha pili, cha tatu, akaendelea mpaka vipande vikawa vingi mezani, na mashine haikuganda. Ilikuwa nzito kidogo mwishoni, lakini ilikwenda.

Sikumwamini. Nilimwambia pengine alifungua picha ndogo. Akasema ni zilezile, akanitajia majina yake moja moja. Nikamwambia basi pengine hakuzikuza. Akasema amezikuza mpaka akaona mabati ya nyumba. Nilihisi vibaya, kama mgonjwa aliyeambiwa haumwi. Yeye naye, aliniambia baadaye, alidhani nimechoka kulala na ninaikuza shida ili nipate cha kushughulika nacho.

Ijumaa akairudisha. Jumamosi asubuhi aliketi pembeni ya kitanda nimwonyeshe. Ikaganda kwenye kipande cha tatu, mbele ya macho yake.

Hakucheka wala hakujitetea. Aliegemea mbele, akaitazama ile skrini iliyosimama, na nikaona uso wake umebadilika ukawa ule wa kazini.

"Kwa hiyo Kasulu inafanya, Kibondo haifanyi," alisema. "Ni mashine moja. Kuna kitu cha Kibondo."

Kuanzia hapo hatukubishana tena. Tulikuwa na jambo la kuchunguza, na kwangu mimi niliyekuwa nahesabu mbao za dari, lilikuwa jambo la kunifanya niamke mapema.

Cha kwanza tulichokishuku ni umeme. Umeme wa Kibondo ulikuwa wa majenereta ya mji, taa zinafifia na kurudi kama mtu anayesinzia, na mume wangu alifikiri labda mashine haipati nguvu ya kutosha. Kwa hiyo nikajaribu kwa betri peke yake, waya umechomolewa. Ikaganda. Nikajaribu na waya, wakati taa ziko imara. Ikaganda. Cha pili kilikuwa modemu. Nilikuwa na tabia ya kuiacha imechomekwa ili nisome barua pepe, na mume wangu akasema huenda mashine inahangaika kuvuta vitu mtandaoni bila kuniambia. Nikaichomoa. Ikapata nafuu kidogo, nikafurahi, halafu ikaganda. Cha tatu kilikuwa kirusi. Tukaisafisha, tukakuta virusi kweli, vya kwenye flashi za walimu, tukaviondoa vyote. Ikaganda.

Sharti lake lilikuwa moja, kwamba nibadilishe kitu kimoja tu kila mara. Nilipomwambia kwa simu kwamba leo nimechomoa modemu na pia nimefuta mafaili, aliguna akasema hapo sasa sijui kimesaidia kipi, nirudi nyuma nianze. Nilirudi nyuma nikaanza. Sijawahi kumpenda kama wiki zile, na sikumwambia.

Lakini moyoni bado nilikuwa nataka RAM. Kadiri tulivyoondoa sababu nyingine ndivyo nilivyoona jiko dogo linabaki peke yake. Nilimwambia hivyo, naye akakubali kwamba linaanza kuwa jambo la kufikiriwa. Huko Kasulu alikuwa na rafiki mfanyabiashara, mwenye duka la simu, redio na sola karibu na stendi, ambaye wazazi wake walitoka Pangani. Mume wangu alimuuliza, na yule bwana akasema ana kipande kimoja cha RAM alichokitoa kwenye laptop iliyovunjika kioo. Hajui kama kinafaa kwetu. Alisema yeye ni mwuzaji, na mambo ya ndani ya mashine anayaogopa kama watu wanavyoogopa nyoka. Akataka kuongea na mimi kwa simu aliposikia natoka Tanga. Aliniita dada, akaniuliza habari za kwetu, na ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Kasulu na Pangani amekwenda mara chache tu kwenye misiba, Kiswahili chake kilikuwa cha kule kabisa. Nilisikia machozi yananikaribia kwa kusikia tu mtu akisema "ati" kama mama yangu.

"Mwambie shemeji aje akichukue," alisema. "Mkajaribu. Kikiwafaa tutaongea, kisipowafaa kirudi dukani."

Kabla mume wangu hajakileta, kitu kingine kikatokea.

Siku hiyo mama mwenye nyumba aliamua kufua blanketi. Alisema limelala na mimi vya kutosha, na jua la Agosti halipotezwi. Daktari alikuwa ameniruhusu kukaa kwenye kiti kwa muda mfupi, kwa hiyo nikahamia sebuleni, kwenye meza ya kulia, wakati yeye anakung'uta godoro. Nikaichukua laptop ili nisikae bure. Nikafungua kipande cha Kumsenga, cha pili, na cha tatu kikafunguka. Nikafungua cha nne. Nikaendelea kufungua. Mshale ulikuwa unakimbia kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Kwanza nilidhani ni bahati. Halafu nikakumbuka sharti la kitu kimoja. Umeme ulikuwa uleule, modemu ilikuwa imechomolewa kama jana, vipande vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni mahali. Nikatazama huku na huko sebuleni kama mwizi atakuwa amejificha nyuma ya kabati. Blanketi lilipoanikwa, nikarudi kitandani na blanketi jingine, nikaiweka mashine kama kawaida, nikasubiri. Haikuchukua muda. Ilianza kutambaa, na nilipoisogeza nikagundua pale ilipokuwa imekaa blanketi lina joto kama lililopigwa pasi. Nikaigeuza. Chini yake, upande wa kushoto, palikuwa na matundu membamba yamepangwa kama matundu ya kichujio cha chai, na yalikuwa yamejaa manyoya ya blanketi.

Mashine ilikuwa inapumulia pale, nami nilikuwa nimeiziba pua kwa majuma mazima. Kasulu ilikuwa inafanya kazi kwa sababu Kasulu mume wangu alikuwa anaiweka mezani. Joto likizidi, inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Hakukuwa na siri nyingine.

Nilimpigia simu akiwa kazini, jambo ambalo silifanyi. Nilimwambia nimepata, ni blanketi. Nikasikia anacheka, kicheko kirefu mpaka mtu aliyekuwa karibu naye akauliza kuna nini. Mimi pia nilicheka, nikishika tumbo kwa mikono miwili kwa hofu ya kulitikisa.

"Sasa RAM tunaihitaji au hatuihitaji?" aliniuliza tulipotulia.

Nikamwambia sijui bado, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimetibu homa, lakini sikujua kama kuna ugonjwa mwingine chini yake.

Ili niweze kufanya kazi nikiwa nimelala, mama mwenye nyumba alinipa sinia lake kubwa la pilau. Tukaliweka juu ya mapaja, na mashine juu ya sinia, ikiinuliwa na viberiti viwili upande wa nyuma ili hewa ipite. Lilikuwa linapiga kelele kila nikijigeuza, lakini lilifanya kazi. Sasa Kibondo ikawa sawa na Kasulu. Na ndipo tulipoona mpaka halisi wa mashine, maana ilikuwa inafikia idadi fulani ya vipande, karibu nusu ya ramani, halafu inagoma, kwangu na kwake, mahali palepale. Nilijifunza kufungua kale kadirisha kanakoonyesha matumizi ya RAM, mstari wa kijani unaopanda, na niliutazama ukigusa dari kila nilipofikisha nusu ile. Kwa mara ya kwanza nilijua kwa uhakika kwamba jiko lilikuwa dogo kweli. Mwalimu wa fizikia alikuwa sahihi, ila si kwa shida niliyokuwa nimemwambia.

Hapo swali likawa jingine. Je, nina haja ya kuiona ramani yote kwa wakati mmoja? Mume wangu alisema hapana. Ukuta utachorwa kwa miraba, kila mraba una kipande chake. Nani anahitaji kufungua yote? Mimi nikasema nataka kuiona. Akauliza kuiona kwa ajili ya nini. Nikarudia kwamba nataka kuiona.

Ijumaa alikuja na kile kipande cha RAM kutoka dukani, amekifunga kwenye karatasi ya dawa. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia, kama rula iliyovunjika, kijani, chenye meno ya rangi ya dhahabu. Alifungua mgongo wa mashine kwa bisibisi ndogo ya hadubini aliyoazima kazini, mikono yake ikienda polepole. Palikuwa na nafasi moja tupu pembeni ya kipande cha zamani. Akakisukuma. Kikaingia na mlio mdogo, kama mfupa unaorudi mahali pake. Tukawasha. Kwa muda haikuonyesha kitu, na nikaanza kujuta, kisha ikaja.

Nilifungua vipande vyote. Mstari wa kijani ulipanda ukasimama chini ya dari. Nikapunguza ukubwa, nikapunguza tena, na nchi nzima ikaingia kwenye skrini.

Nilikuwa nimefundisha Mto Malagarasi kwa miaka miwili. Niliuchora ubaoni kwa chaki, niliutungia maswali ya mtihani. Sikuwa nimeuona mzima. Unaanzia huko milimani karibu na Burundi, mahali ambapo Ziwa Tanganyika si mbali hata kidogo, na ungekuwa na haraka ungeteremka magharibi ukafika. Badala yake unalipa ziwa mgongo. Unakwenda kaskazini na mashariki ukiusindikiza mpaka, unageuka, unakatiza katikati yetu, kati ya Kasulu na Kibondo, unapotelea kwenye mabwawa makubwa ya kijani, unatoka upande wa pili umechoka na mpana, na ndipo unapokumbuka ziwa na kuanza kurudi magharibi. Nilifuatisha kwa kidole juu ya kioo. Mume wangu aliinama begani kwangu.

"Hapa ndipo darajani kwangu," alisema, akaweka kidole chake mahali basi lake linapovuka kila wiki. Alikiacha pale kwa muda. "Nilidhani ni mto unaokwenda tu huko."

Mama mwenye nyumba aliingia na uji, akauliza tunatazama nini, tukamsogezea. Hakuvutiwa sana na mto. Alitaka kuona shamba la marehemu mumewe Kumsenga, na tulipokuza aliupata msitu mdogo wa mikaratusi aliyoipanda yeye mwenyewe. Kisha akaanza kututajia majina ya vilima na vijito ambavyo havikuwa na jina kwenye picha. Nilimuuliza kwa nini majina mengi ya kule yanaanza na Ku. Akanitazama kama aliyeulizwa kwa nini mtu ana pua. Akasema ku ni penye, mwalimu, ni mahali penye kitu. Ikanibidi nicheke, kwa sababu ku ilikuwa mdomoni mwangu siku zote, kwenye kule na huku, na sikuwahi kuisikia.

Baada ya jioni ile jambo la ajabu likatokea. Nilikuwa nikifungua ramani yote kila siku na kuitazama, na sikuchora chochote. Nilikuwa naruka kutoka Nyabibuye hadi Makere kama ndege, nafurahi, nafunga. Kazi ilisimama. Awali, nilipolazimika kufanya mraba mmoja mmoja, nilikuwa nakaa na kijito kimoja asubuhi nzima, namwita mama mwenye nyumba, anaita jirani, wanabishana kwa Kiha kuhusu jina lake mpaka wakubaliane. Kwa ramani nzima hakuna aliyebishana na yeyote. Nikamwambia mume wangu tukirudishe kile kipande cha RAM kwa mwenyewe. Nimeona nilichotaka kuona, na kwa ukuta sikihitaji.

Nilidhani atafurahi, kwa kuwa ndivyo alivyosema tangu mwanzo. Hakufurahi. Alikuna kichwa. Alisema ni kweli, hatukihitaji, kisha akaongeza kwamba mashine sasa inawaka upesi. Nikakubali. Akasema pia masomo yake ya video hayakwami tena. Nikakubali hilo nalo. Tukaangaliana. Jumapili akaondoka na laptop pamoja na kipande ndani yake, akisema atakitoa akifika. Wiki nzima niliuliza, wiki nzima alikuwa na shughuli. Aliporudi na kipande bado kimo ndani, sikuuliza tena. Akaniambia mwenyewe, akivua viatu mlangoni bila kuniangalia, kwamba yeye na yule bwana wa dukani wameshaongea, na kwamba nimesalimiwa sana.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, Kasulu, kwa kuwa daktari alitaka niwe karibu na baba yake na pia karibu na chumba cha upasuaji, ambacho mwishowe kilihitajika. Ukuta uliningoja. Niliuanza mwaka uliofuata, mtoto amebebwa na mama mwenye nyumba kivulini, na kidato cha pili wakinisaidia kupiga miraba kwa uzi uliopakwa chaki. Rangi ya bluu iliisha kabla mto haujafika kwenye mabwawa. Tukapata nyingine iliyofifia zaidi, kwa hiyo Malagarasi yetu inabadilika rangi njiani, na wageni wa elimu waliokuja kukagua waliniuliza kama inaonyesha kina. Niliwaambia inaonyesha duka la rangi.

Wanafunzi waliandika majina ya vijiji vyao wenyewe. Palitokea ubishi mkali kati ya wawili wa Kumsenga kuhusu kijito kinachopita nyuma ya mashamba yao, kila mmoja na jina lake, na hatimaye tukaandika yote mawili. Yule wa Nyabibuye aliandika jina la kwao kubwa kuliko yote, kubwa kuliko Kibondo, nami nikamwacha.

Uhamisho ulipotoka mwaka 2015 nilikwenda kuiaga shule. Ilikuwa mapumziko. Nilisimama kwa mbali nikawatazama wapya wa kidato cha kwanza wakisukumana mbele ya ukuta, kila mmoja akitafuta kwao na kuweka kidole. Pale Kumsenga palipowekwa vidole vingi, rangi ilikuwa imeanza kubanduka na saruji inaonekana. Mkuu wa shule alisema nimwachie mtu wa kurekebisha. Nikamwambia walioandika majina wapo, awaulize wao.